Gari ya saspensheni ya upepo inalala: tafuta uvujaji kabla ya kununua kompresa

Malalamiko yanayonifikia hapa Unguja kuhusu Land Rover Discovery na Toyota Prado zenye saspensheni ya upepo, yaani zinazobebwa na mabegi ya mpira yaliyojaa upepo badala ya springi za chuma, ni yale yale. Gari ililala, yaani bodi ilishuka chini, fundi akasema kompresa, ile pampu ya kujaza upepo, imekufa, kompresa ikatafutwa Dar es Salaam ikavushwa kwa boti, gari ikainuka. Muda si mrefu ikalala tena, na safari hii kompresa mpya nayo imeungua.

Kompresa hufa kweli. Lakini mara nyingi hufa kwa sababu kuna mahali upepo unavuja, nayo inalazimika kusukuma bila kupumzika ili kufidia. Ukibadilisha kompresa ukauacha uvujaji, umeajiri mtu mpya kwenye kazi ile ile iliyomuua wa mwanzo. Kwa hiyo hapa tunaanza na umeme, tunakwenda kwenye uvujaji, na kompresa tunaigusa baadaye.

## Hakikisha gari yako inatumia upepo

Discovery 3 na 4, pamoja na Range Rover nyingi, zina mabegi ya upepo kwenye magurudumu yote manne. Prado 120 yenye mfumo huu inao nyuma tu. Mbele ni springi za chuma kama kawaida. Zipo pia Discovery 3 zilizotoka kiwandani na springi za chuma kote, kwa hiyo chungulia chini ujionee.

Land Cruiser 100 nyengine zina swichi ya kupandisha na kushusha bodi, na wengi hudhani ni upepo. Zile zinatumia mafuta. Ukimwagia sabuni mfumo wa mafuta hutopata kitu zaidi ya kulowa.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi ya kupimia, chaki, kalamu na karatasi
- Mita ya umeme ya kupima volti
- Tochi yenye mwanga mkali
- Chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya kuoshea vyombo
- Jeki, stendi mbili za chuma zinazomudu uzito wa gari, na kabari za matairi
- Miwani ya kukinga macho na glavu
- Wembe mkali au kisu cha kukatia paipu
- Kitabu cha gari, ule ukurasa wa fyuzi na rilei (swichi za umeme zinazowasha vifaa kama kompresa)
- Mashine ya kusomea kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari) inayoingia kwenye kompyuta ya saspensheni

Hiyo ya mwisho iangalie vizuri kabla ya kukodi au kuazima. Mashine ndogo za bei nafuu husoma injini tu. Ukiambiwa "gari haina kodi yoyote" na mtu mwenye mashine ya namna hiyo, hujaambiwa lolote kuhusu saspensheni.

## Usalama, kabla ya kuinama

Usiingize kichwa wala mkono chini ya gari iliyosimama kwa upepo peke yake. Begi likipasuka au valvu ikifunguka, bodi inashuka mara moja mpaka kwenye vizuizi vya mpira, na nafasi uliyokuwa umelala inatoweka. Stendi ziwe chini ya chesisi (fremu ya chini inayobeba bodi), si chini ya ekseli wala mkono wa saspensheni.

Kabla ya kupiga jeki, uzime mfumo. Kwenye Prado bonyeza kitufe cha OFF cha kimo. Kwenye Discovery chomoa fyuzi ya saspensheni. Usipofanya hivyo, kompyuta inaweza kuona gari imeinuka ikaanza kutoa upepo wakati wewe uko chini.

Ndani ya mifumo ya Land Rover upepo hufika baa (kipimo cha presha) 10 na zaidi. Tairi lako lina kama baa 2 na kitu. Kiungio kikifunguliwa kwa pupa, paipu inaruka na uchafu unakwenda machoni.

## Hatua ya 1: Andika gari inafanya nini

Maneno "inasumbua" hayamsaidii fundi. Andika inalala lini: usiku ikiwa imeegeshwa, ikiwa njiani, au haipandi kabisa hata ukibonyeza swichi? Inalala kona moja, upande mmoja, nyuma yote, au yote nne? Kompresa inasikika? Inasikika kwa muda gani?

Nakili na ujumbe wa kwenye dashibodi kama ulivyo. Discovery ikikutaka usizidi kilomita 50 kwa saa, imeshindwa kuidhibiti saspensheni na inajilinda. Ikisema kimo cha kawaida tu, mara nyingi bado ina upepo lakini kuna kitu haikiamini, na sensa, kifaa kinachopima kimo cha kona, ni mtuhumiwa mmoja. Kwenye Prado, ile taa ya OFF ikiwa inamweka wakati hukuigusa, mfumo umejizima wenyewe kwa hitilafu.

Kama mashine ya kodi unayo, soma sasa, andika, ndipo ufute. Uendeshe siku moja usome tena. Kodi iliyorudi ndiyo ya kufuatilia. Nyengine zinaweza kuwa za mwaka juzi.

## Hatua ya 2: Betri na waya wa ardhi

Kompresa inakula umeme mwingi, na kompyuta za magari haya zinatoa kodi za ajabu volti zikishuka. Pima betri gari ikiwa imepoa: volti 12.4 hadi 12.7 ni nzuri. Washa injini: unataka kuona takriban 13.7 hadi 14.7.

Ikiwa namba zako ziko chini ya hapo, simama hapo hapo. Rekebisha betri au altaneta kwanza. Nimeona gari ikifanyiwa mipango ya kununuliwa mabegi manne kumbe betri ndiyo iliyochoka.

Halafu angalia pale waya wa ardhi unapofungwa kwenye bodi. Gari inayoegeshwa Nungwi, Paje au Mkoani hupigwa na chumvi ya bahari masika mpaka kaskazi, na nati inayoonekana imekaza inaweza kuwa na ukoga wa kijani chini yake. Fungua, kwangua, funga.

## Hatua ya 3: Pima kimo cha kila kona

Tafuta sakafu iliyo sawa kweli. Uwanja wa kituo cha mafuta au baraza pana la saruji linafaa. Uwanja wa kifusi cha matumbawe haufai, kwa sababu jiwe moja chini ya tairi moja litakupotezea hesabu nzima.

Washa injini, weka kimo cha kawaida, subiri itulie. Pima kutoka katikati ya kitovu cha rimu kwenda juu wima mpaka ukingo wa mudigadi. Usipime kutoka ardhini: tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Tia alama ya chaki ulipopima ili mara ya pili upime pale pale.

Kushoto na kulia vikipishana milimita chache, si tatizo. Kona moja ikipishana na mwenzake kwa sentimita mbili au tatu huku gari ikidhani iko sawa, ruka mbele usome hatua ya sensa, kisha urudi.

## Hatua ya 4: Jaribio la usiku mmoja

Hili ndilo jaribio ambalo karibu kila aliyeshindwa amelifanya vibaya au hakulifanya.

Discovery ikishafungwa, kompyuta yake hailali moja kwa moja. Huamka kila baada ya saa kadhaa kuangalia usawa. Ikikuta kona moja imeshuka, hutoa upepo kwenye kona tatu zilizobaki ili gari ikae sawa. Asubuhi unakuta zote nne ziko chini, unahitimisha kwamba mabegi yote yameoza, na mgonjwa alikuwa mmoja.

Ndiyo maana fyuzi lazima itoke.

1. Alasiri au jioni, egesha kwenye ile sakafu iliyo sawa, kimo cha kawaida, hakuna mzigo.
2. Zima, funga milango, isubiri imalize minong'ono yake.
3. Chomoa fyuzi ya kompyuta ya saspensheni kwa kufuata kitabu cha gari. Namba zinatofautiana kati ya matoleo, usifuate ya gari ya jirani.
4. Pima kona zote, andika na saa.
5. Asubuhi, kabla hujafungua mlango, pima tena. Kama hakuna mabadiliko ya maana, iache mpaka zitimie saa 24.

Sasa soma majibu.

Kona moja imeshuka, tatu zimebaki: uvujaji uko kwenye begi la kona hiyo, paipu yake, kiungio chake, au valvu yake ndani ya kisanduku cha valvu, kile kinachoruhusu na kuzuia upepo wa kila begi. Umeshapunguza kazi kwa robo tatu.

Mbele zote mbili, au nyuma zote mbili, zimeshuka pamoja: kisanduku cha valvu cha upande huo kinapanda juu kwenye orodha, ingawa mabegi mawili ya umri mmoja kuoza pamoja si ajabu.

Zote zimesimama: mabegi ni mazima. Usinunue begi. Tatizo liko kwenye kompresa, tangi la akiba ya upepo, sensa au umeme.

Zote zimeshuka milimita chache kwa usawa: hilo ni joto. Upepo uliopoa hujikunja kidogo. Lakini usiku wetu haupoi kiasi hicho, kwa hiyo gari iliyoshuka sentimita tatu usiisingizie baridi. Wazungu wanaoandika kwamba gari hushuka wakati wa baridi wana theluji; sisi hatuna.

Asubuhi ukirudisha fyuzi, taa ya onyo itawaka. Washa injini uipe muda, kwa kawaida huzimika.

## Hatua ya 5: Sabuni kwenye kona iliyoshuka

Rudisha fyuzi, washa injini, pandisha gari kimo cha juu kabisa inachoweza. Chomoa fyuzi tena, kisha weka stendi chini ya chesisi. Sababu ya kupandisha: begi hupasuka kwenye mkunjo wa chini, pale mpira unapojikunja na kujikunjua kila ukipita shimo. Kwenye kimo cha kawaida mkunjo huo umejificha. Gari ikiinuka, mpira uliochoka unatokeza nje.

Osha matope kwa maji safi kwanza. Kisha pulizia sabuni kwa utaratibu huu:

Viungio. Anza pale paipu inapoingia kwenye begi, halafu inapoingia kwenye kisanduku cha valvu. Ni rahisi kufikiwa, na matengenezo yake ni ya bei ya chini kuliko yote.

Paipu. Fuata kwa mkono urefu wote. Tafuta ilipojisugua kwenye chuma, na usisahau panya. Gari iliyoegeshwa karibu na migomba au banda la kuku hutafunwa.

Begi. Pulizia mkunjo wote kwa kuzunguka. Discovery 3 mbele ina begi lililovikwa kopo la chuma pamoja na shokapu, kwa hiyo utaona sehemu ya chini tu; pulizia hapo na juu penye kiungio.

Tulia dakika mbili tatu. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu mara moja, lakini ule unaolaza gari usiku kucha hutoa povu dogo jeupe linalokua polepole. Mwangaza wa tochi ukija kutoka pembeni unaliona vizuri zaidi. Baada ya sala ya isha, mtaa ukitulia, masikio nayo yanasaidia.

Ukipata kiungio kinachovuja na paipu ina urefu wa akiba, toa upepo wa kona hiyo polepole, kata sentimita moja ya paipu kwa wembe mkali, mkato uwe wima kabisa, sukuma ndani mpaka mwisho. Mikwaruzo ya nje ya paipu ndiyo huvujisha. Ukirudisha ncha ile ile yenye mikwaruzo umefanya kazi bure. Paipu nyingi ni za nailoni za mm 6, na mpira wa maji wa jikoni hauwi badala yake.

Ukipata begi limepasuka, usilitie kiraka cha tairi wala gundi. Ukuta wake unakunjwa kila sekunde gari inapotembea, na kiraka hakikunjiki nao. Dizeli, petroli na grisi nazo zikae mbali na mpira huo.

## Hatua ya 6: Hakuna povu, lakini kona inashuka

Hapo shuku kisanduku cha valvu. Valvu ya kona ikiwa na kutu au chembe ya uchafu haifungi sawasawa, na upepo unapita kwa ndani bila povu nje. Mara nyengine hutokea kwenye paipu ya kutolea upepo: zamisha ncha yake kwenye chupa ya maji gari ikiwa imezimwa na imetulia. Mapovu yakitoka wakati hakuna kinachofanya kazi, kuna valvu isiyofunga.

Ukiona unga mweupe kwenye kiungio chochote ulichofungua, uandike. Tunauhitaji sasa hivi.

## Hatua ya 7: Kompresa, zamu yake imefika

Kompresa ya Discovery 3 iko nje ya chesisi, upande wa kushoto, mbele ya tairi la nyuma, ndani ya kifuniko. Usiishike baada ya kufanya kazi, inaunguza.

Haisikiki kabisa. Angalia fyuzi yake, kisha rilei. Badilishana na rilei nyengine yenye namba ile ile kwenye sanduku hilo hilo la fyuzi. Halafu pima volti kwenye plagi wakati inapoitwa kazini. Umeme unafika na haizunguki: mota imekufa. Umeme haufiki: kompresa haina kosa. Kumbuka pia kwamba ikipata joto kupita kiasi kompyuta huizima kwa makusudi, kwa hiyo ipe nusu saa ipoe kabla ya kuihukumu.

Inaunguruma hata gari ikiwa imezimwa. Rilei imeganda. Ichomoe mara moja kabla haijaichoma kompresa. Kila unapobadilisha kompresa, badilisha na rilei. Kuibakisha ya zamani ni ubahili usio na faida.

Inazunguka lakini haiinui. Hapa kodi ya C1A20 kwenye Discovery hujitokeza sana. Maana yake ni kwamba presha inapanda polepole mno wakati wa kujaza tangi. Wengi huisoma kama cheti cha kifo cha kompresa. Haisemi hivyo: uvujaji huileta, chujio la kuingizia upepo likiziba huileta, na ringi ya pistoni iliyokwisha huileta. Kama hatua ya 4 na ya 5 zimepita salama, ndipo ringi inakuwa mtuhumiwa wa kwanza. Kwa kompresa nyingi ringi na kichwa chake vinauzwa kama kifurushi, na fundi makini anaviweka bila ya kununua kompresa nzima.

Sasa ule unga mweupe. Upepo ukitoka kwenye kompresa hupita kwenye kikaushio chenye punje zinazonyonya unyevu. Gari ikishushwa, upepo mkavu hurudi kupitia punje hizo hizo kabla ya kutoka nje, na kuzikausha. Gari inayovuja haina safari hiyo ya kurudi: upepo unaingia kwenye kikaushio na kutokea kwenye tundu la begi. Kwa unyevu wa visiwani punje hujaa maji, zikasagika kuwa unga, unga ukaenda kwenye valvu. Hivyo ndivyo begi moja bovu linavyozaa kompresa mbovu na kisanduku cha valvu kibovu. Ukiona unga, badilisha punje za kikaushio na upulize paipu zote safi kabla ya kufunga kitu kipya.

## Hatua ya 8: Sensa za kimo

Dalili yake ni tofauti: gari hailali usiku, lakini mchana inajipandisha na kujishusha bila sababu, au kona moja iko juu kama imekasirika.

Angalia kijiti kinachounganisha mkono wa sensa na saspensheni. Kwenye Prado kijiti hiki huliwa na kutu mpaka kikakatika, na ni spea ndogo. Kisha fungua plagi uone kama ina maji au ukoga.

Kwa mita: sensa nyingi hupokea volti 5, na waya wa ishara hubadilika taratibu kati ya takriban nusu volti na volti 4.5 mkono ukisogezwa. Namba ikiruka au kupotea katikati ya mwendo, sensa imekwisha. Fanya hivi stendi zikiwa zimewekwa, maana ukisogeza mkono wa sensa swichi ikiwa imewashwa gari inaweza kukuitikia.

Sensa ikibadilishwa, gari inahitaji kupangiwa vimo upya kwa mashine. Asiyekuwa na mashine hiyo asikubadilishie.

## Kununua spea

Sensa ya mtumba inaweza kufaa. Kompresa ya mtumba ni kamari, kwa sababu hujui ilikuwa ikihangaika na uvujaji wa miaka mingapi. Begi la mtumba usinunue. Mpira unazeeka hata ukiwa rafuni, na mipasuko midogo kwenye mkunjo huioni mpaka uunyooshe kwa vidole.

Kwa Prado 120, kuweka springi za chuma nyuma ni uamuzi ambao siulaumu, hasa kwa gari inayobeba mizigo barabara za Makunduchi au Konde. Kwa Discovery nasita: mifumo mingi inategemea kimo, na taa za onyo zitataka kudanganywa kwa vifaa vyengine.

Begi jipya likishafungwa, lijaze upepo kwanza gari ikiwa bado juu ya stendi. Ukiliteremshia uzito likiwa tupu, linajikunja vibaya na kupasuka siku ile ile.

## Kupima kama umepona

Rudia hatua ya 4 yote, fyuzi ikiwa nje, saa 24. Kona zote zibaki pale pale, ukiondoa zile milimita chache za joto. Asubuhi ukiwasha, kompresa isifanye kazi kwa muda mrefu, kisha inyamaze. Soma kodi baada ya siku mbili za matembezi ya kawaida: kusiwe na iliyorudi.

Kuanzia hapo, mara moja kwa wiki pandisha gari juu na uishushe chini kabisa, ili upepo urudi kwenye kikaushio na kukausha punje. Ukitoka ufukweni, osha chini kwa maji baridi ya kawaida, lakini mashine ya maji ya kasi isielekezwe kwenye mikunjo ya mabegi wala plagi za sensa. Na ikikulalia mbali na mjini, rudi kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye lami. Usiipande nayo meli ya kwenda Dar ikiwa imelala, maana ngazi ya meli itaondoka na bampa.